Kitone Penye Njia Panda ya Waya

Sisi tuliofundisha Fizikia katika Nyanda za Juu Kusini tulichora waya kwa chaki. Betri, mistari miwili, mmoja mrefu na mwingine mfupi. Balbu, duara lenye msalaba ndani. Hayo hayakutusumbua. Tabu ilikuwa waya zenyewe. Zikikatana ubaoni, je, zimeungana au zimepitana tu?

Vitabu vya zamani vya Kiingereza vilijibu kwa kinundu: waya mmoja uliuruka mwingine kwa nusu duara. Baadaye desturi ikawa kitone. Penye kitone pameungana, pasipo kitone pamepitana. Kanuni nzuri, lakini chaki ina vumbi lake. Kitone hufutika kwa kiwiko, na chembe ya chaki nayo huonekana kitone. Mwanachuo aliyenakili chembe ile huunganisha pasipopaswa, na betri ya maabara, ambayo kuipata tu ni kazi, ikafa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana wachoraji makini huikataa njia panda ya pande nne hata yenye kitone. Husogeza waya mmoja kidogo zikawa njia panda mbili za pande tatu. Hapo kitone kikifutika maana hubaki, kwani waya unaokomea juu ya mwenzake hausomeki vinginevyo. Katika yote niliyofundisha pale Kleruu, Iringa, hili nililipenda kuliko mengine.

Kompyuta ziliibadili tabu hii sura, hazikuiondoa. Mwaka 1992 Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo cha ufundi huko Grenoble, Ufaransa (alikuwa mwalimu, ndugu msomaji, nami nafurahi kulisema), alianza kutunga programu ya KiCad ya kuchorea saketi. Kuanzia mwaka 2013 CERN, kituo cha utafiti cha Geneva, kikaongeza nguvu. Ni ya bure, na kwa mwanafunzi wa kwetu hilo ndilo jambo la kwanza.

Mjukuu wangu anayesoma uhandisi Mbeya alinionyesha. Waya ukikomea juu ya mwingine, kitone hujiweka chenyewe. Zikikatana tu, hakiwekwi. Ncha ya kifaa isiyounganishwa huonyesha kiduara, nacho hutoweka waya ukifika. Hilo lina faida kubwa, maana waya unaweza kukosa ncha kwa unywele, jicho likaona umefika na mashine ikakataa. Tena kuna herufi mbili za kutahadhari nazo: ukisogeza kifaa kwa M, waya huachwa nyuma, kwa G, hufuatana nacho.

Kijana huchora upesi kuliko nilivyowahi kuchora mimi. Hata hivyo bado namtaka aivunje njia panda ya pande nne. Programu humruhusu kuiacha. Lakini mchoro ule hutolewa nakala dukani, kisha nakala ya nakala, na ifikapo ya tatu kitone hakionekani.