Bears na Packers: Utani Ulioanza kwa Ngumi

Siku chache kabla ya Aprili 3, 1956, mgeni mmoja kutoka Chicago alisimama mbele ya wakazi wa Green Bay, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, akawaomba wakubali kutoa pesa zao. Aliitwa George Halas, mwasisi na mmiliki wa timu ya Chicago Bears. Kwa miaka 35 Green Bay ilikuwa imemzomea mtu huyu kila alipokanyaga mjini. Sasa alikuwa amekuja kuwaombea watu walewale uwanja mpya. Uwanja waliokuwa nao ulikuwa wa mbao, umebanwa kando ya shule ya sekondari, na vigogo wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, walikuwa wameanza kunong'ona kwamba timu yao, Packers, ingefaa kuhamia jiji la Milwaukee moja kwa moja.

Kura za Aprili 3 zilipohesabiwa, waliosema ndiyo walikuwa 11,575, waliokataa 4,893. Uwanja ukajengwa.

Magazeti ya michezo ya Kiswahili yana jina la timu za namna hii: watani wa jadi. Jina lenyewe limetumika hadi likachujuka, lakini ukilirudisha kwenye asili yake linawaeleza Bears na Packers vizuri kuliko neno "mahasimu". Mtani ni yule anayekuzuilia jeneza njiani mpaka umpe chochote, anamwigiza marehemu mbele ya wafiwa, kisha anashika jembe na kuchimba kaburi. Halas alikuwa mtani wa aina hiyo. Kuwafunga Green Bay ilikuwa raha yake; kuwaona wakifa hakutaka, maana wakifa angemfunga nani?

Timu zote mbili zilizaliwa viwandani. Mwaka 1919 kijana wa Green Bay aliyeitwa Curly Lambeau alikuwa ameajiriwa na kampuni ya kusindika nyama, Indian Packing Company. Aliwaomba waajiri wake dola 500 za kununulia jezi, wakampa, na timu ikachukua jina la kazi: Packers, wafungashaji. Halas naye aliajiriwa mwaka 1920 na kiwanda cha wanga cha A. E. Staley mjini Decatur, Illinois, ambako kazi yake ilikuwa kuunda timu ya wafanyakazi. Septemba 17 mwaka huohuo alisafiri hadi Canton, Ohio, kwenye duka la magari la Ralph Hay. Viti havikutosha, kwa hiyo waheshimiwa wengine walikaa kwenye vikanyagio vya magari yaliyokuwa yakiuzwa pale. Katika kikao hicho ligi iliundwa, ile ambayo miaka miwili baadaye ilianza kuitwa NFL.

Biashara ilipodorora mwaka 1921, Staley alimwachia Halas timu pamoja na dola 5,000 ahamie nayo Chicago, kwa sharti kwamba aendelee kutumia jina la kiwanda kwa msimu mmoja. Mwaka uliofuata Halas alipata uhuru wa kuchagua jina. Timu ya besiboli iliyokuwa na uwanja aliocheza yeye iliitwa Cubs, yaani watoto wa dubu, na wachezaji wake walikuwa na miili mikubwa kuliko ya wanabesiboli. Basi hao watakuwa dubu wenyewe: Bears.

Mechi ya kwanza baina yao ilichezwa Chicago Novemba 27, 1921. Vijana wa Halas walishinda 20-0. Alama hizo zimesahaulika. Kinachosimuliwa mpaka leo ni ngumi ya John "Tarzan" Taylor wa Chicago, iliyomkuta Cub Buck wa Green Bay bila kutarajia na kumvunja pua. Miaka mitatu baadaye, Novemba 23, 1924, Frank Hanny wa Bears na Walter Voss wa Packers walitwangana hadi mwamuzi akawatoa wote wawili. Hao ndio wachezaji wa kwanza katika historia ya NFL kutolewa uwanjani kwa kupigana.

Katikati ya ngumi hizo mbili kuna kisa ambacho Green Bay hawajakisamehe. Mwishoni mwa msimu wa 1921 Lambeau aliwachezesha kwa siri wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, jambo lililopigwa marufuku. Siri ikavuja, Packers wakanyang'anywa uanachama wa ligi. Lambeau alirudishwa miezi kadhaa baadaye baada ya kulipa upya ada na kuomba radhi. Lakini mmoja wa wanafunzi wale, Hunk Anderson, alionekana msimu uliofuata akiwa amevaa jezi ya Bears. Watu wa Green Bay walijumlisha wenyewe moja na moja.

Lakini deni nalo lilikuwapo, na safari hii mdaiwa alikuwa Halas. Desemba 11, 1932, mdororo wa uchumi ukiwa umefika kwenye mfupa, Packers walikwenda Chicago kucheza katika theluji. Bears walishinda 9-0, ila mashabiki waliokuja kwenye baridi ile walikuwa wachache mno, na mapato ya mlangoni hayakutosha kuwalipa wageni mgao wao wa uhakika. Halas aliandika hati ya ahadi ya dola 1,500 akawakabidhi Packers. Green Bay wakaipokea, wakapanda treni kurudi kwao na karatasi. Klabu ya mji wa watu wasiofika 40,000 ikawa inaidai klabu ya jiji la watu zaidi ya milioni tatu, na ikasubiri.

Waliweza kusubiri kwa sababu klabu yao haikuwa na bwana mmoja wa kufilisika. Tangu mwaka 1923 Packers ni mali ya wananchi. Wafanyabiashara wachache wa mjini waliunda shirika lisilo la faida na kuuza hisa kwa dola 5 kila moja. Hisa hizo hazina gawio, haziwezi kuuzwa kwa faida, na faida yake kubwa ni kumwezesha fundi bomba kusema "timu yangu" bila kudanganya. Hisa zimeuzwa tena mara kadhaa. Leo wenye hisa ni zaidi ya 537,000. Bears wao wamebaki mikononi mwa ukoo wa Halas tangu walipohamia Chicago.

Uwanja ule uliopigiwa kura ulifunguliwa Septemba 29, 1957. Aliyealikwa kucheza siku hiyo? Bears, bila shaka. Makamu wa Rais Richard Nixon alihudhuria, na wenyeji wakashinda 21-17. Halas alirudi kwao amefungwa kwenye uwanja aliousaidia kujengwa. Mwaka 1965, Lambeau alipofariki, uwanja ulipewa jina lake: Lambeau Field.

Msaada mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1961 na haukupigiwa makofi na mtu. Pete Rozelle, kamishna mpya wa NFL, alitaka haki za televisheni ziuzwe kwa pamoja na pesa zigawanywe sawa kwa sawa. Waliotakiwa kupoteza walikuwa wamiliki wa majiji makubwa: New York, Los Angeles, Chicago. Halas alikubali. Mkataba wa kwanza wa CBS, ulioanza msimu wa 1962, ulikuwa wa dola milioni 4.65 kwa mwaka kwa timu 14, na Green Bay ikapata kiasi kilekile ilichopata Chicago. Ukitafuta sababu ya mji wenye watu wapatao 107,000 kuwa na timu katika ligi ya majiji makubwa hadi leo, anzia kwenye mkataba huo.

Malipo ya wema yalikuwa kichapo. Vince Lombardi, kocha aliyefika Green Bay mwaka 1959, aliifungua kazi yake kwa kuwafunga Bears 9-6, na wachezaji wakamtoa uwanjani wamembeba mabegani. Ndani ya miaka saba, kati ya 1961 na 1967, alitwaa ubingwa mara tano. Mwaka pekee katika enzi hiyo ambao Halas aliweza kucheka sana ni 1963. Packers walipoteza mechi mbili tu msimu mzima, zote mbili kwa Bears, na ubingwa ukaenda Chicago.

Halas alifariki Oktoba 31, 1983. Utani ukabaki mikononi mwa watu wasiojua kuchimba kaburi.

Msimu uliofuata kocha wa Bears alikuwa Mike Ditka, wa Packers Forrest Gregg, wote wachezaji wa zamani walioivaa dabi hiyo mwilini. Mwaka 1985 Bears walikuwa na kikosi cha kutisha, na Ditka aliongeza chumvi kwenye kidonda kwa kumpa mpira William Perry, pande la mtu lenye kazi ya ulinzi na jina la utani la "Friji", ili afunge dhidi ya Packers mbele ya televisheni ya taifa zima.

Kisha ikaja Novemba 23, 1986, Soldier Field, uwanja wa Bears. Jim McMahon, kwotabeki wa Bears, yule anayepanga mashambulizi na kurusha pasi, alikuwa amekwisha kuuachia mpira na ukanyakwa na Packers. Kwake mchezo ulikuwa umeisha; mikono imelegea, macho yanafuata mpira. Charles Martin wa Packers alimjia kwa nyuma, akamkumbatia, akamnyanyua, akambwaga chini akitanguliza bega lililokuwa tayari bovu. Kiunoni Martin alikuwa amening'iniza taulo lililoandikwa namba za wachezaji wa Bears. Orodha ya kuwindwa, kila mtu alielewa. Martin alitolewa, akafungiwa mechi mbili. McMahon hakucheza tena msimu ule, na Bears waliomaliza ligi na ushindi 14 waliondolewa mapema kwenye mtoano.

Miaka kumi baadaye McMahon huyohuyo alikuwa mchezaji wa akiba wa Packers waliotwaa Super Bowl, fainali ya NFL. Walipoalikwa Ikulu mwaka 1997 alitinga na jezi ya Bears. Alikuwa na hoja: mabingwa wa 1985 walikuwa hawajapokewa pale, kwa kuwa ajali ya chombo cha anga cha Challenger ilitokea siku mbili baada ya fainali yao.

Kuna mechi nyingine inayohitaji kusimuliwa polepole. Novemba 5, 1989, Green Bay. Bears wanaongoza 13-7, zimebaki sekunde zisizofika 40, Packers wana jaribio moja tu kutoka yadi ya 14. Don Majkowski anakimbia kulia, anarusha, Sterling Sharpe anadaka ndani ya eneo la kufungia. Shangwe! Halafu kitambaa cha njano kinaonekana chini: mwamuzi wa pembeni anasema mrushaji alikuwa amevuka mstari wa kuanzia. Mpira umekataliwa. Jambo linapelekwa juu, kwenye chumba cha marudio ya video, utaratibu ambao ligi ilikuwa nao tangu 1986. Dakika zinapita, uwanja mzima umesimama kama unasubiri matokeo ya mtihani. Uamuzi unashuka: bao ni halali. Mkwaju wa nyongeza unapita, 14-13. Bears walikasirika hivi kwamba kwa miaka kadhaa kitabu chao rasmi cha takwimu kiliweka alama ya nyota kando ya matokeo hayo, kama mtu anayesaini barua huku amenuna.

Kwenye hatua ya mtoano wamekutana kwa nadra ya ajabu. Walicheza Desemba 14, 1941, wiki moja baada ya Pearl Harbor, Bears wakashinda 33-14, kisha ikapita miaka 69. Walipokutana tena, Januari 23, 2011, ilikuwa kugombea nafasi ya kwenda Super Bowl. Packers walishinda 21-14 pale Soldier Field, wakakabidhiwa kombe la washindi wa NFC, nusu moja ya ligi. Kombe hilo linaitwa George Halas Trophy. Wiki mbili baadaye waliongeza lile la Super Bowl, lenye jina la Lombardi.

Enzi ya makwotabeki Brett Favre na Aaron Rodgers ilikuwa ya mateso kwa Chicago. Rodgers, baada ya kufunga bao la kuhakikisha ushindi Soldier Field Oktoba 2021, aliwapigia kelele mashabiki kwamba bado anawamiliki. Bears, waliokuwa mbele katika hesabu ya jumla ya dabi tangu miaka ya 1930, walipitwa mwaka 2017.

Hata hivyo mechi hizi zina tabia ya kuamuliwa na mguu. Septemba 1980 mkwaju wa Chester Marcol wa Packers ulipanguliwa katika muda wa nyongeza, mpira ukamrudia mikononi, na mpigaji huyo mwenye miwani, mzaliwa wa Poland, akakimbia nao yadi 25 hadi bao. Novemba 7, 1999, siku sita baada ya kifo cha Walter Payton, mkimbiaji mkuu wa zamani wa Bears, mchezaji wao Bryan Robinson aliruka akauzuia mkwaju wa mwisho wa Packers na Bears wakashinda 14-13 Lambeau Field. Robinson alisema ni Payton aliyemnyanyua. Novemba 2024 zamu ikawa ya Chicago kulia: mkwaju wa Cairo Santos uliguswa na kidole cha Karl Brooks saa ikiwa inaisha, wakafungwa 20-19, kipigo cha 11 mfululizo kutoka kwa Packers.

Januari 5, 2025, Green Bay, Santos alipewa mpira uleule wa sekunde za mwisho, safari hii kutoka yadi 51. Ukapita katikati ya nguzo: Bears 24, Packers 22. Virginia McCaskey, binti wa George Halas na mmiliki wa Bears, alitimiza miaka 102 siku hiyo. Alifariki mwezi uliofuata.