Vipande 88,000

Tarehe 11 Machi 1944 ndege za Washirika ziliangusha mabomu juu ya Padova, mji wa kaskazini mwa Italia uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Bomu halina macho, bwana. Kanisa dogo la Scrovegni, lenye michoro ya Giotto, lilipona. Hatua chache kutoka hapo, kanisa la Eremitani likapigwa, na kikanisa cha Ovetari kilichokuwa ndani yake kikawa kifusi.

Humo ndimo Andrea Mantegna alipoanzia. Alipopewa sehemu ya kazi ya kupamba kuta zile, mwaka 1448, alikuwa na miaka 17 hivi, umri ambao wengi wetu bado tunaambiwa tukae kimya wakubwa wanapozungumza. Kasheshe haikumkosa. Kwanza alivutana na mlezi wake, mchoraji Squarcione, ili ajitegemee. Halafu Giovanni d'Alemagna, mmoja wa mafundi wa kazi ile, akafariki mwaka 1450. Na Nicolò Pizzolo, mwenzake, akauawa katika ugomvi mwaka 1453. Mzigo ukamwangukia kijana. Tena mjane Imperatrice Ovetari akampeleka mahakamani, eti Mitume aliowachora katika Kupalizwa kwa Bikira Maria ni 8 badala ya 12! Utetezi ukawa kwamba nafasi ilikuwa finyu.

Nacheka kila nikifikiria kesi ile, maana mchoro huo ni mmoja wa ile michache iliyookoka. Ulikuwa umebanduliwa ukutani karne ya 19 kwa sababu ukuta ulikuwa unauharibu, hivyo siku ya mabomu haukuwepo. Uliokuwa mgonjwa ukapona, mizima ikafa.

Sasa, fresko si turubai. Fundi anapaka rangi juu ya lipu mbichi ya chokaa, na lipu ikikauka rangi inakuwa sehemu ya ukuta wenyewe. Ukuta ukivunjika, picha nayo imevunjika. Watu wa Padova wakachekecha kifusi, wakaokota vipande, wakavipakia kwenye makasha yakapelekwa Roma, katika taasisi ya ukarabati iliyoongozwa na Cesare Brandi. Mafundi wake waliunganisha walivyoweza. Vilivyobaki vilikuwa vidogo mno, na vikalala makashani miaka na miaka.

Miaka ya 1990 vikasafishwa na kupigwa picha kimoja kimoja. Vilikuwa kama 88,000. Hebu piga hesabu: vyote pamoja ni kama meta za mraba 77, yaani kipande cha kawaida hakizidi sana stempu ya posta. Nani wa kukaa na stempu 88,000 akijaribu kila moja, akiigeuza huku na huku, juu ya kuta zenye mamia ya meta za mraba? Maisha hayatoshi.

Aliyeitafutia kazi hiyo njia ni Domenico Toniolo, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Padova, akishirikiana na Massimo Fornasier, mtaalamu wa hisabati. Walikuwa na bahati moja: kuta zile zilikuwa zimepigwa picha mwanzoni mwa karne ya 20, nyeusi na nyeupe. Kompyuta ikapewa picha hizo na picha za vipande. Tatizo kubwa lilikuwa kwamba hakuna ajuaye kipande kimelala upande gani. Hisabati yao ilikisoma kipande kwa duara, kuanzia kitovu chake, hivyo mashine ikaweza kupata mahali na mwelekeo kwa pamoja. Ilitaja mahali panapowezekana. Jicho la binadamu likaamua.

Mwaka 2006, miaka 500 baada ya kifo cha Mantegna, vipande vilivyopata kwao vilionyeshwa kikanisani, vimebandikwa juu ya picha kubwa iliyofifia ya mchoro wa zamani. Na hapa, ndugu msomaji, haba na haba haikujaza kibaba. Hata kila kipande kingepata mahali pake, sehemu kubwa ya ukuta ingebaki bila rangi.

Wapo wanaosema: basi si aitwe mchoraji hodari ajaze mapengo, watu wafaidi? Nawaelewa. Anayeingia pale anataka kuona picha, si madoa. Lakini picha za zamani hazina rangi. Joho la askari lilikuwa jekundu au la kijani? Kila brashi ingekuwa ubashiri, na baada ya miaka 50 nani angejua wapi pameishia Mantegna na wapi pameanzia fundi wa juzi? Mimi naona heshima ya Toniolo iko hapo: alikuwa na mashine ya kutafuta, hakuifanya ya kutunga.

Sisi tunaojaribu kuandika historia tunalijua jaribu hilo. Tunapata barua moja, jina moja, tarehe moja, halafu kalamu inawasha, tunajaza katikati kwa maneno matamu. Tuliacheni pengo lionekane. Na tusidharau kazi ya kunakili mambo ya kawaida. Wale wapiga picha hawakujua kwamba bomu linakuja. Walipiga ukuta uliokuwa mzima, ambao yeyote angeweza kwenda kuutazama, na bila wao vile vipande 88,000 vingekuwa kokoto tu.