Mlima Kwanza, Jina Baadaye

Mwaka 1867 Bunge la New Zealand lilipitisha Sheria ya Shule za Wenyeji. Kijiji cha Wamaori kilichotaka shule kilitakiwa kuiomba na kutoa ardhi ya kuijengea. Vijiji vingi vilitoa, ingawa miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikiwanyang'anya Wamaori ardhi kwa sababu ya vita. Wazazi walitaka watoto wajue Kiingereza, lugha ya sheria na biashara. Walitaka lugha ya pili iongezwe juu ya ile ya kwanza. Iliyoletwa ikaja kuikalia ya kwanza.

Watoto wengi walichapwa kwa kusema Kimaori katika viwanja vilivyotolewa na babu zao. Lakini fimbo haikuiua lugha siku ile. Ilifanya kazi baadaye, watoto wale walipokuwa wazazi na kuamua kwamba wanao wasionje maumivu hayo. Wakawalea kwa Kiingereza. Kufikia miaka ya 1970, nyumba nyingi zilikuwa na bibi anayejua Kimaori na mjukuu asiyemwelewa.

Tarehe 14 Septemba 1972, Hana Te Hemara na vijana wenzake walifikisha bungeni ombi lenye saini zaidi ya 30,000: Kimaori kifundishwe shuleni. Hata hivyo, vipindi viwili vitatu kwa wiki havimrudishii mtoto lugha. Mwaka 1982, huko Wainuiomata karibu na Wellington, kikafunguliwa kituo cha kwanza cha kohanga reo, yaani kiota cha lugha. Humo mabibi na mababu walikaa na watoto wadogo, na Kimaori kikasikika wakati wa kuimba, wa kula na hata wa kukemewa. Miaka mitano baadaye, Kimaori kikatambuliwa kisheria kuwa lugha rasmi.

Ndiyo maana lugha hiyo haikurudi darasani peke yake. Ilirudi na adabu zake. Meza ni ya chakula, hivyo haikaliwi. Mgeni hupokelewa kwa hotuba na wimbo. Mwanafunzi anayejitambulisha hutaja mlima wake, mto wake na mtumbwi uliowaleta wahenga wake, kisha ndipo jina lake.

Wapo wanaoyaona hayo kuwa mapambo ya kupoteza muda wa masomo. Lakini shule ndiyo iliyomfundisha bibi kuficha alikotoka. Mjukuu anapousimamia mlima wake mbele ya darasa, shule inalipa deni la ardhi iliyopewa bure.