Jinsi Mafuta ya Taa Yalivyobebeshwa Dhambi za Dizeli

UZI. Kila tarehe 14 bei mpya zikitangazwa, hapa mtandaoni tunapigana kuhusu petroli. Mafuta ya taa hayana mtetezi. Nataka tuongee historia yake kidogo, bila kutaja mtu wala chama, maana serikali zaidi ya moja zina mkono hapa.

Kwanza tuelewane. Nyumba zetu hazina mitambo ya joto. Kule Limuru, Kinangop au Molo mwezi wa Julai, moto wa kupikia ndio huo huo wa kuota. Ukipandisha bei ya moto, umegusa sufuria na baridi ya usiku kwa pamoja.

Turudi nyuma. Soko la mafuta lilifunguliwa 1994, na Desemba 2010 serikali ikarudi kuweka kikomo cha bei. Kwa muda mrefu mafuta ya taa yalitozwa kodi ya chini kuliko dizeli, kwa sababu kila mtu alijua yanatumiwa na nani.

Wajanja wakaona mwanya. Unachanganya mafuta ya taa na dizeli, unauza kama dizeli, tofauti ya kodi inaingia mfukoni mwako. Injini za watu zikaharibika. Tatizo lilikuwa la kweli, sibishi.

Lakini angalia dawa iliyochaguliwa 2018. Ushuru ukatoka kama shilingi 7.20 kwa lita hadi 10.30. Juu yake ikawekwa tozo ya shilingi 18 kwa lita, ya kuzuia uchakachuaji. Hesabu yao ilikuwa hivi: bei zikikaribiana, hakuna faida ya kuchanganya. Sawa. Lakini tayari kulikuwa na alama ya kemikali inayotiwa kwenye mafuta ili wakaguzi wamjue anayechanganya. Kumfuata mwizi ni kazi. Kumtoza mama anayepimiwa mafuta kwa chupa ya soda ni rahisi zaidi.

Piga hesabu nyumba inayotumia nusu lita kila jioni. Tozo peke yake ni shilingi 9 kwa siku, 270 kwa mwezi. Hiyo ni faini, na huyo mama hajawahi kuchanganya dizeli maishani mwake.

"Si wahamie makaa?" Februari mwaka huo huo wa 2018 ukataji miti misituni ulipigwa marufuku, na bei ya makaa ikaruka. (Msitu ulihitaji kuokolewa, sikatai, lakini tazama mpangilio wa matukio.) Tena jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu hulala wasiamke.

"Basi gesi." Hapo ndipo ninapochoka kabisa. VAT ya gesi iliondolewa 2016. Ukaja mpango wa serikali wa mitungi ya kilo 6 kwa bei nafuu, mitungi mingi ikapatikana na kasoro, mpango ukakwama. Julai 2021 VAT ikarudi, asilimia 16. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8. Julai 2023 ikaondolewa tena. Mwezi huo huo VAT ya mafuta, pamoja na ya taa, ikapanda kutoka 8 hadi 16. Kufikia Septemba lita ya mafuta ya taa Nairobi ilikuwa imepita shilingi 200.

Kwa hivyo ukimsikia mwanasiasa akijisifu eti kodi ya gesi imeondolewa, ni kweli, na ni vizuri. Lakini gesi inataka pesa ya mtungi mzima kwa mkupuo mmoja. Mtu wa kibarua analipwa jioni, ananunua moto wa jioni. Anachoweza kununua kwa hiyo pesa yake ndogo ndicho kilichobaki na ile tozo ya 18.