Hekalu la Mabaharia katika Singapore

Bandari ya Singapore iliwekwa na Waingereza katika mwaka 1819. Punde Wachina wengi wa jimbo la Fujian wakavuka bahari ya tufani kwa jahazi za tanga, kwenda kutafuta kazi huko. Aliyefika salama alikwenda katika kibanda kidogo ufukweni kumshukuru Mazu, mungu wa kike wa mabaharia.

Katika mwaka 1839 wakaanza kujenga hekalu badala ya kibanda hicho, likaisha 1842. Jina lake ni Thian Hock Keng, yaani Jumba la Furaha ya Mbinguni. Wengi walichanga; aliyetoa fedha nyingi ni Tan Tock Seng, tajiri aliyeanza kwa kuuza mboga.

Mafundi na vifaa vililetwa kutoka Uchina. Boriti na nguzo hazikupigiliwa misumari: ncha ya mti mmoja huingia katika tundu la mwenziwe, ikashika. Juu ya paa wamo majoka. Mlangoni wamekaa simba wa mawe, na kizingiti ni kirefu, hata aingiaye hana budi kutazama chini.

Baadaye bahari ile ilifukiwa kwa udongo, na leo hekalu limezungukwa na majumba marefu. Tangu 1973 sheria hulilinda.

Sisi Wakristo hatumwabudu Mazu. Lakini wageni wale maskini hawakusahau kushukuru walipofika salama. Je, sisi tumjuao Mungu aliyeiumba bahari, twamshukuru kwa kadiri gani?