Nyumba Njema si Mlango

Mazungumzo yetu ya leo ni habari ya nyumba: jinsi watu wa nchi hii walivyojenga, walivyopamba ndani na nje, na jinsi walivyoamua kwamba nyumba hii ni nzuri na ile si nzuri. Nasi tutasema zaidi habari za kwetu, sisi wa Chiungutwa na jirani zetu wa Masasi na wa uwanda wa Makonde kule Newala.

Wahenga walisema, Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maana yake ni kwamba mtu apitaye njiani hawezi kuujua uzuri wa nyumba kwa kutazama mlango wake tu. Basi na tuufungue mlango wa historia, tuingie.

Watu wengi hudhani kwamba hapo kale hapakuwa na nyumba nzuri ila za mawe, na kwamba nyumba ya miti na udongo ni alama ya umaskini. Lakini tusikilize ushuhuda wa mgeni mmoja. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika nchi ya Moroko, alifika Kilwa. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuiona miji mikubwa ya dunia ya wakati wake: Kairo, Dameski, na Makka. Hata hivyo aliisifu Kilwa kuwa mji mzuri uliojengwa vizuri, tena akasema kwamba nyumba zake zilikuwa za miti, zimeezekwa kwa matete. Hakusema ni nzuri ingawa ni za miti. Alisema ni nzuri, basi.

Wakati huo huo Sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, alikuwa na jumba la mawe ya matumbawe liitwalo Husuni Kubwa, juu ya jabali litazamalo bahari. Jumba hilo lilikuwa na vyumba zaidi ya mia, nyua pana, na birika la kuogea lenye pembe nane. Hakika lilikuwa jumba la fahari. Lakini wachunguzi wa mambo ya kale walipochimba katika magofu yake, waliona kwamba sehemu nyingine hazikumalizika kujengwa, na kwamba jumba lenyewe halikukaliwa muda mrefu. Leo ni gofu. Nyumba ya miti na udongo, iliyokuwa jirani yake mnyonge, haikupotea. Watu wameijenga vizazi hata vizazi, kutoka pwani mpaka bara.

Kwa nini ilidumu? Kwa sababu ilijibu maswali ya watu wake. Nyumba ya Mswahili ina baraza mbele, ambapo mwenye nyumba huketi na wageni pasipo kuwasumbua walio ndani. Baada ya mlango upo ukumbi, na vyumba huku na huku. Nyuma upo ua wenye kiambaza, na humo jiko, choo, na mahali pa wanawake kufanyia kazi zao kwa faragha. Kila sehemu ina haja yake. Huko Lamu matajiri walipojenga nyumba za mawe walifuata fikira ile ile: mgeni hukaribishwa dakani, na kadiri mtu aingiavyo ndani ndivyo nyumba izidivyo kuwa ya wenyewe, na katika chumba cha ndani kabisa, pasipoonwa na mpita njia, ndipo walipotia mapambo mengi, yaani safu za vidaka vya chokaa vilivyonakshiwa. Wenye kupita nje waliona ukuta mtupu na mlango. Kumbe mithali yetu haikutungwa bure!

Milango yenyewe pia ilikuwa na maneno yake. Katika mji wa Mikindani, ulio pwani yetu ya kusini, mpaka leo yako majumba ya zamani yenye milango ya mbao iliyochongwa. Mlango wa namna ile ulikuwa kama barua kwa wapitao: ulieleza mali na cheo cha mwenye nyumba. Lakini barua huweza kusema zaidi ya yaliyomo, na mlango vile vile.

Sasa twende bara. Mwezi Machi mwaka 1866 Dakta Livingstone alishuka katika ghuba ya Mikindani ili kwenda bara kwa njia ya mto Ruvuma. Alipofika katika nchi ya Wamakonde alikuta vichaka vimesongamana hata ngamia wake wasiweze kupita, ikambidi awaajiri Wamakonde wenyewe wamkatie njia. Mgeni angeweza kusema kwamba nchi ile ni pori lililoachwa. Kumbe kichaka kile kilikuwa boma. Siku zile za vita na biashara ya watumwa, Wamakonde waliweka makazi yao ndani ya vichaka vizito, na njia zao zikawa nyembamba zenye kupindapinda, ili adui asizijue. Leo watu hupanda maua na michongoma kuzunguka nyumba kwa ajili ya kupendeza. Wazee wale waliacha miiba iote kwa ajili ya kuokoa watoto. Nayo ni elimu ya kupanga mahali pa kukaa.

Mwezi Julai mwaka ule ule Livingstone alifika Mwembe, mji wa Mataka, mkuu wa Wayao, ng'ambo ya Ruvuma. Aliona mji mkubwa wenye nyumba zipatazo elfu, na nyingi zilikuwa za pembe nne, maana watu wale walifuata desturi za Waarabu wa pwani. Misafara iliyopeleka pembe za ndovu na, kwa huzuni twasema, watumwa, ilirudi na nguo, bunduki, na fikira mpya za ujenzi. Padre Yohanna Abdallah, Myao aliyeandika historia ya kabila lake iliyotolewa mwaka 1919, asimulia jinsi Mataka alivyofurahi alipopanda miembe kwa mbegu kutoka pwani, akiona kwamba sasa nchi yake imefanana na pwani. Wayao waliohamia pande za Masasi walikuja na ustadi huo.

Hapa tutue kidogo, maana ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Baadhi ya watu husema, Tusiige, tushike ya wazee tu. Lakini wazee wenyewe waliiga! Nyumba ya pembe nne iliigwa, baraza iliigwa, mwembe uliigwa. Tofauti ni kwamba walichagua. Walichukua umbo la nyumba ya pwani, wakaacha makuti ya mnazi yasiyopatikana huku, wakaezeka kwa nyasi za hapa. Hawakuagiza boriti za mikoko, bali walikata nguzo za miti migumu ya msituni isiyoliwa upesi na mchwa. Walipanda mwembe si kwa fahari tu, bali kwa sababu hutoa matunda, na kivuli chake hutosha baraza la mji mzima. Walikiazima kitu wakakifunza lugha ya hapa.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alikaa miezi kadhaa katika Masasi na Newala akiandika desturi za Wayao, Wamakua na Wamakonde. Miongoni mwa vitu alivyovichora ni kufuli ya Kimakonde, iliyotengenezwa kwa mti mtupu pamoja na ufunguo wake wa mti. Aliona pia kuta za nyumba zilizopambwa kwa michoro ya watu na wanyama. Tena hayo aliyaona mwaka mmoja tu baada ya vita vya Maji Maji kuzuka! Watu waliokuwa wametoka katika moto na njaa walipata bado nafasi ya kuchora ukutani. Mapambo, basi, si anasa ya walioshiba. Ni haja ya mwanadamu kuonyesha kwamba hapa pana mwenyewe.

Na ndani je? Katikati palikuwa na moto, na juu ya moto dari. Hapo walitundika mbegu za mwaka ujao, mahindi na mtama, ili moshi uzikinge na wadudu. Vitu vya thamani viliwekwa katika kilindo cha gome la mti. Kuta zilikandikwa udongo na kulainishwa kwa mkono. Juu ya uwanda wa Makonde kazi hiyo ilikuwa na gharama yake, kwa kuwa ardhi ya kule ni ya mchanga unaomeza mvua yote. Wanawake walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda tena mlima na mitungi kichwani. Udongo wa kukandika huhitaji maji mengi. Tukiona ukuta uliokandikwa vizuri kule Newala katika siku zile, tufikiri ni safari ngapi za mlima zilizomo ndani yake.

Hata hivyo si haki kusifu tu. Moshi ule uliohifadhi mbegu uliumiza macho na vifua vya akina mama. Madirisha yalikuwa madogo au hayakuwapo kabisa. Na paa la nyasi lilikuwa na adui mkubwa, ambaye ni moto. Mwaka 1876 Askofu Steere alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kijiji chao chini ya majabali. Mwaka 1882 Wamagwangwara walikishambulia wakakiteketeza. Na mwaka 1905, katika Maji Maji, misheni ya Masasi ilichomwa tena. Si ajabu kwamba baada ya hayo watu walianza kuyatazama mawe na matofali kwa jicho jingine.

Tangu hapo mageuzi yalikuja upesi. Mwaka 1973 redio ya Tanzania iliendesha mafunzo yaliyoitwa Mtu ni Afya. Vikundi vya wasikilizaji vilikutana vijijini, vikasikiliza, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Katika miaka ile ile watu wengi walihamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika wakajenga vijijini, nyumba kwa safu kando ya njia. Baadaye fedha za korosho zikaleta matofali ya kuchoma na mabati. Kijana akiuza korosho zake vizuri, jambo la kwanza alitakalo ni bati, na sisi hatumlaumu.

Kwa kweli bati lina faida kubwa hasa kwetu. Haliungui kama nyasi, wala halidai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Zaidi ya hayo, bati ni kisima kilicho juu ya nyumba. Lenye mfereji pembeni na tangi chini, hukinga mvua ambayo mchanga ungeimeza, na kumpunguzia mama safari ya bondeni. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna pambo la nyumba lipitalo tangi lililojaa maji safi.

Lakini twaona nyumba nyingi mpya ambazo bati lake halina mfereji hata mmoja. Mvua hushuka, huchimba msingi, hupotea. Paa limekatwa sawa na ukuta, basi jua hupiga ukuta mchana kutwa, na usiku watoto hulala kama mkate katika tanuri. Baraza halipo, mgeni asimame juani au aingizwe chumbani. Mwembe umekatwa ili nyumba ionekane kutoka barabarani. Na mlangoni, naam, mlangoni pana mbao nzuri zilizonakshiwa! Hiyo ndiyo nyumba ya mlango. Mwenyewe ametoa fedha nyingi kuliko babu yake, akapata raha kidogo kuliko babu yake.

Basi historia yatufundisha nini? Kwanza, yeyote ajengaye na aulize upepo wa mahali watoka wapi na jua la alasiri lapiga wapi, ndipo achague mahali pa madirisha na mlango. Pili, paa na lipite ukuta, angalau hatua moja, ili ukuta uwe kivulini na udongo usinyeshewe. Tatu, baraza isiachwe, kwa maana nyumba isiyo na mahali pa mgeni imepungukiwa na utu. Nne, kila bati liwe na mfereji wake. Tano, miti ipandwe kabla ya msingi kuchimbwa, kwa kuwa nyumba humalizika kwa mwaka mmoja, bali kivuli hakinunuliwi dukani. Na ukutani, kama wazee wa mwaka 1906, watoto na waachiwe wachore kwa udongo mwekundu, mweupe na mkaa. Nyumba itawajua, nao wataijua.

Wanafunzi mnaotusikiliza, tunawapeni kazi moja. Nendeni kwa wazee wenu mwulize majina ya miti iliyofaa nguzo, ile iliyofaa fito, na namna ya kufuma dari la mbegu. Andikeni katika madaftari yenu. Kufuli ile ya mti twaijua leo kwa sababu mgeni mmoja aliichora; mafundi walioitengeneza wamekwenda na ustadi wao. Mengine yangali vichwani mwa wazee walio hai, na mzee haachi ufunguo ukutani anapoondoka.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Jengeni vema.