Marehemu wa Kiungani na Nchi ya Bonde

Waswahili husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii ni ya kweli kwa mtu aliyekuwa na hiari ya kuacha au kutoacha. Walakini katika karne ya 19 pwani ya Afrika Mashariki iliwajua watoto wengi ambao hawakuacha asili yao kwa kupenda, bali walinyang'anywa. Mtoto alitekwa bara, akaletwa pwani, akauzwa, akavushwa bahari. Na njiani akapoteza wazazi, lugha, na mara nyingi hata jina. Mtu wa namna hii alipokufa, ni nani aliyekuwa na wajibu wa kumkumbuka? Kwa desturi, kumkumbuka marehemu ni kazi ya ukoo. Ndugu humlilia, huita watoto kwa jina lake, na husimulia habari zake wakutanapo. Asiye na ukoo hufa pamoja na habari zake. Maisha ya wanafunzi wa shule ya bweni ya Kiungani, katika Unguja, na hasa wale waliofanya kazi katika nchi ya Bonde iliyo nyuma ya Tanga, yaonyesha jinsi swali hilo lilivyojaribiwa kujibiwa.

Misheni ya Vyuo Vikuu ilizaliwa baada ya hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Jaribio lake la kwanza, karibu na mto Shire, lilikwisha kwa maradhi na vifo, na mwaka 1864 Askofu Tozer akaihamishia Unguja. Hapo Sultani Majid alimpa watoto watano waliotolewa katika utumwa. Mmoja wao alikuwa John Swedi, ambaye mwaka 1879 alipewa daraja ya ushemasi. Shule iliyokua kutokana na watoto hao ilijengwa Kiungani, kusini ya mji, ikaitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Cecil Majaliwa, Myao aliyepita katika njia ile ile ya utumwa na uhuru, alifanywa kasisi mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupata daraja hiyo.

Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha London kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wa shule za misheni hiyo. Kila mmoja alieleza alikotoka, alivyotekwa, na alivyofika pwani. Kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza, wala si kwa maneno ya watoto wenyewe. Hata hivyo faida yake ni kubwa. Watoto walifundishwa kusoma na kuandika ili wapate kusoma Maandiko na kufundisha wengine, lakini wao walipata jambo la pili katika kalamu: mahali pa kuweka habari ya nyumbani ambayo hapakuwa na babu wala bibi wa kuitunza.

Wakati huo huo shule ilianza kupokea wanafunzi wa namna nyingine. Misheni ilikuwa imefika Magila, katika Bonde, mwaka 1868, na tangu mwaka 1875, chini ya uongozi wa Farler, kazi hiyo ilipata nguvu mpya. Wavulana wa Kibondei walipelekwa Unguja kuendelea na masomo. Hawa hawakuwa watoto waliokombolewa. Walikuwa na baba, wajomba, mashamba na matambiko ya ukoo. Na walipomaliza shule walirudi kwao kuwa walimu Magila, Umba, Mkuzi na Misozwe, na baadaye Korogwe. Petro Limo, Mbondei, alifikia ukasisi. Basi katika bweni moja walilala mtoto aliyejua kaburi la babu yake, na mtoto asiyejua hata njia ya kwenda kwao. Si jambo la kustaajabisha kwamba palikuwa na majivuno upande mmoja na uchungu upande wa pili. Lakini walikula pamoja, wakacheza pamoja, wakaimba pamoja, na wengi wakaoa wasichana waliolelewa Mbweni, katika shule ya wasichana ya misheni hiyo hiyo. Hata yule mwenye ukoo alijikuta ana ukoo wa pili.

Ukoo huo ulihitaji mahali pa kukutania, na mahali hapo palikuwa karatasi. Mwaka 1888 lilianza kupigwa chapa Kiungani gazeti dogo la Kiswahili liitwalo Msimulizi. Walimu waliotawanyika kutoka Bonde mpaka Ruvuma na Nyasa waliliandikia barua juu ya shule zao, safari zao, michezo na maradhi. Katika miaka ya 1890 Magila nayo ikawa na gazeti lake, Habari za Mwezi. Mgeni azisomapo barua za namna hiyo huenda akaona ni mambo madogo madogo. Walakini msomaji wa siku zile hakutafuta makubwa. Alitaka kujua yule aliyelala kitanda cha pili yuko wapi, ameoa au bado, yu hai au amekufa. Kazi ambayo kijijini hufanywa na mjumbe wa msiba, Kiungani ilifanywa na kalamu na mtambo wa chapa.

Kisha dola zikaingia kati. Kwa mapatano ya mwaka 1890 Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na Tanga pamoja na Bonde zikabaki kwa Wadachi. Shule ikawa ng'ambo moja ya mpaka, na kazi ng'ambo ya pili. Katika miaka ya amani jambo hili halikuwa na uzito. Lakini vita vilipoanza mwaka 1914, mwalimu wa Kibondei aliyesoma Unguja na kufundishwa na Waingereza alionekana kuwa mpelelezi. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lilishuka Tanga likashindwa, na shaka ya Wadachi ikazidi. Walimu na watumishi wa kanisa walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakapelekwa bara, wengine hawakurudi.

Habari hiyo haikuachwa iandikwe na wageni peke yao. Samwil Sehoza, Mbondei aliyekuwa miongoni mwa wafungwa, aliandika kitabu cha Kiswahili, Mwaka katika Minyororo, kilichochapishwa London mwaka 1921. Kitabu hicho chastahili heshima kuliko inayopewa, maana ndani yake mateso ya watu wa Bonde yasimuliwa na mmoja wao, kwa lugha waliyozungumza wakiwa kifungoni.

Mwenzake mashuhuri zaidi alikuwa Martin Kayamba. Alizaliwa Mbweni mwaka 1891. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kibondei aliyewahi kusoma Uingereza. Alisoma Kiungani, akafanya kazi nje ya misheni katika Kenya na Uganda, na vita vilimkuta upande wa Wadachi, akafungwa mpaka Tabora ilipotekwa na Wabelgiji mwaka 1916. Baada ya hapo alikuwa karani wa serikali Tanga, akapanda hata kuwa karani mkuu wa ofisi ya wilaya. Mwaka 1922 yeye na wenzake walianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Ndani yake walikutana Wakristo waliotoka shule za misheni na Waislamu waliotoka shule ya serikali iliyojengwa Tanga na Wadachi. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi juu ya mpango wa kuunganisha nchi za Afrika Mashariki, na habari za safari hiyo akaziandika katika Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Alifariki mwaka 1939.

Wako wanaomlaumu Kayamba kwamba aliwaamini mno watawala. Lawama hiyo ina sehemu yake ya kweli. Lakini chama cha Tanga kilitangulia Chama cha Waafrika cha mwaka 1929, na kwa hiyo kilitangulia pia TANU ya mwaka 1954. Kijana aliyezoea bwenini kula na mtu wa kabila jingine hakuona ajabu kukaa na mtu wa dini nyingine katika chama.

Hata hivyo si haki kuusifu ukoo huu wa karatasi bila kutaja upungufu wake. Ukoo wa damu haumkani marehemu wake. Hata mkorofi hutajwa, ingawa kwa kuguna. Gazeti la shule lilikuwa gazeti la misheni. Aliyeacha ualimu akaenda kufanya biashara Pangani, au aliyerudia njia nyingine ya dini, hakuwa na sababu ya kuandika barua, wala wenzake hawakuwa na nafasi pana ya kumsifu. Kayamba, aliyeiacha kazi ya misheni, hakusahauliwa kwa sababu alijiandika mwenyewe. Na habari za maisha yake zilitokea katika kitabu cha Margery Perham mwaka 1936. Wanawake wa Mbweni, waliofundisha na kuzaa na kuzika pamoja na waume zao katika Bonde, wametajwa kwa uchache zaidi. Askofu Steere amezikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu la Mkunazini, na kila mgeni huonyeshwa mahali pake. Mwalimu wa Misozwe hana wa kumwonyesha.

Chuo kilihamishiwa Minaki mwaka 1925, na wanafunzi wa Kiungani wote wamekwisha kufariki. Kazi iliyobaki ni ya wasomi: kuyafungua magazeti yale na vitabu vile, kuyatoa majina moja moja, na kuyapeleka katika vijiji vya Bonde ambako huenda mjukuu bado analo jina hilo, wala hajui limetoka kwa nani.